Mkono wa Kunawisha Wageni

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeumia shingo au mgongo na sasa amelala tu, anza na jambo hili kabla ya mengine yote: mgeuze. Mgeuze kabla hajakuomba, maana hataomba. Ngozi yake haimwambii kitu. Mimi kidonda kilinila makalioni mpaka mfupa ukaonekana, na muda wote huo nilikuwa nalalamikia joto. Sikuambiwa mapema, na walioniuguza hawakuambiwa. Ndiyo maana nimeliandika kwanza. Yanayofuata ni habari za mkono wangu wa kulia, kamashine kalikoufundisha, na mama mmoja aliyekataa kuniacha niende.

Naitwa Kabula. Nilizaliwa Ipililo, upande wa Maswa, nikaolewa katika kijiji kimoja nje ya Bariadi na mwanaume aliyeitwa Maduhu. Shule niliishia darasa la saba. Tulizaa mapacha, Kulwa na Doto, kwa hiyo ukweni hakuna aliyeniita Kabula tena. Nikawa Mama Kulwa. Tulilima pamba na mahindi, na mpunga kidogo bondeni. Mji, yaani kaya yetu, ulikuwa wa mama mkwe wangu, mjane, ambaye wote tulimwita Mayu, yaani mama.

Mwisho wa msimu mmoja tulikuwa tunapeleka pamba yetu ya mwisho ghalani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ukingo wa korongo ukameguka, mkokoteni ukatuangukia. Maduhu alifia palepale. Mimi niliwasikia watu wakisema wamfunike, nikataka kuinuka niwaambie wasimfunike uso, na mwili haukunisikia. Sina zaidi la kusema juu ya siku hiyo. Alizikwa mimi nikiwa njiani kwenda hospitali ya misheni, nimefungwa juu ya mlango waliong'oa chumbani kwetu. Kaburi lake nililiona likiwa limeshaota majani.

Hospitali ilikuwa mbali na kwetu, safari ya kutwa nzima, kwa hiyo baada ya mazishi Mayu alihamia huko kuniuguza. Aliwaacha watoto kwa wifi yangu, akabeba sufuria, mkeka na mto mmoja mkubwa, akapata nafasi katika banda la wauguzaji nyuma ya wodi. Alidhani tungekaa mpaka mvua za kwanza. Mvua za kwanza zilitukuta, na za kupandia zikatukuta. Nyumbani walipanda pamba bila sisi.

Mwili wangu ulibadilika kama nyumba isiyokaliwa. Miguu ilikonda ikawa kama ya mtu mwingine. Mkojo ulitoka kwa mpira. Siku zangu za mwezi zilikatika, zikarudi baadaye kimyakimya, na aliyeziona ni Mayu, siyo mimi. Mabega niliweza kuyainua, na kiwiko kukikunja. Vidole ndivyo vilivyonitia uchungu. Vilikuwa vimelegea, havina baridi wala moto, na nzi akitua juu yake nilimtazama tu. Mama mkwe kumlisha mke wa mwanawe uji, kumfuta mdomo, kumbadilishia nguo, kwetu ni jambo la aibu kwa wote wawili. Mayu alilifanya huku akinisimulia habari za ng'ombe, ili tusiitazame ile aibu.

Palizi ilipoanza, kaka yangu Jilala alikuja kutoka Ipililo. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa pembeni ya kitanda, kofia mkononi, akamwambia Mayu, "Mayu, tumezungumza nyumbani. Mumewe hayupo, na yeye yuko hivi. Tunataka kumrudisha kwetu."

"Na watoto?" nikauliza.

"Watoto ni wa huku, dada. Ng'ombe walishatoka, unajua mwenyewe."

Nilijua. Kwa mila yetu, mahari ikishatolewa watoto ni wa ukoo wa baba. Ningerudi kwetu peke yangu, niwaone Kulwa na Doto kwenye misiba na harusi.

Mayu hakubisha. Alimkaribisha Jilala kiporo cha ugali, akamngoja amalize, kisha akasema, "Nipe mpaka pamba ya mwaka huu iende kwenye mzani."

"Ili iweje?"

"Wazee wa kwetu nao wanauliza kama wewe. Wanasema mke asiyeweza kujilisha atakaaje kwenye mji usio na mume. Basi mpaka mauzo awe anajilisha, na awe ameshika kazi moja ya nyumbani. Hata moja. Akishindwa, njoo umchukue, sitakuzuia."

Jilala aliitazama mikono yangu juu ya shuka. "Kazi gani, Mayu?"

"Hilo la kwetu," akasema Mayu. Hakuwa anajua kazi gani. Aliniambia hivyo mwenyewe, Jilala alipokwisha ondoka.

Wiki hiyohiyo ndipo nilipopelekwa kwenye benchi la mazoezi. Lilikuwa nje, limeegemea ukuta, na kila asubuhi tulipangwa pale kama magunia: waliokatwa miguu, watoto wenye miguu iliyopooza, wazee waliopigwa kiharusi. Kusubiri kulikuwa kwingi kuliko kutibiwa. Ukisubiri muda mrefu na watu mnakuwa ndugu. Mimi nilikaa na jamaa mmoja wa Binza aitwaye Sospeter, aliyeanguka kutoka juu ya paa akiezeka. Naye alikuwa kama mimi, shingo. Alikuwa na utani usioisha. Wahudumu wakichelewa alisema, "Tusiwalaumu. Wanajua sisi hatukimbii."

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa dada mrefu wa Bukoba, jina lake Generoza. Kisukuma chake kilikuwa salamu tu, lakini aliitoa vizuri, "Mwangaluka, Mayu," huku amepiga goti, na kwa hilo tu Mayu akamkubali. Asubuhi ile alikuja na kamashine kadogo, ukubwa wa redio ya kushika mkononi, kanakotumia betri za tochi. Kalikuwa na nyaya mbili, na mwisho wa kila waya kibandiko cha mpira chenye sponji ya maji. Kaliletwa na wageni waliokuja kusaidia hospitali, na kalikuwa kako peke yake.

"Haka kanapitisha umeme kidogo kwenye msuli," Generoza akasema. "Shingo yako haijakatika yote, Mama Kulwa. Kuna njia ndogo imebaki, ila ujumbe unafika umechoka. Tutausaidia."

"Umeme?" Mayu akasimama. "Umtie mwanangu umeme?"

"Hauumizi, Mayu."

"Unajuaje? Umeujaribu?"

"Nimeujaribu."

"Mimi sijakuona."

Kwetu mgeni hapewi kinywaji kabla mwenyeji hajakionja mbele ya macho yake. Ndivyo unavyomwonyesha kwamba hakuna ubaya ndani. Mayu alikaa kwenye benchi, akapandisha mkono wa gauni lake la mitumba, akanyoosha mkono mweusi wenye mishipa. "Nianze mimi," akasema. "Mimi ndiye mwenyeji wake hapa."

Generoza alimfunga vile vibandiko, akazungusha kitufe taratibu. Vidole vya Mayu vikakunjwa vyenyewe, kimoja baada ya kingine, vikawa ngumi. Alivitazama kama vile ni vya jirani. Umeme ulipoachia vikafunguka, kisha vikajifunga tena.

"Kananing'ata kama siafu," akasema. "Lakini siafu wapole."

"Mayu, usimpige mtu nayo hiyo ngumi," Sospeter akamwambia. Hata wazee wa kiharusi walicheka, upande mmoja wa uso.

Kisha ikawa zamu yangu. Siafu sikuwasikia, nilisikia kama mtu ananigonga akiwa chumba cha pili. Lakini vidole vyangu vilikunjwa. Tangu siku ya korongo vilikuwa havijafanya hivyo. Vilijifunga polepole kama vya mtoto mchanga anayeshika kidole cha mama yake, na Mayu akatia kidole chake humo ndani. Mimi nilikuwa nalia bila kuweza kujifuta, naye alikuwa na mkono mmoja tu wa kunifuta, maana ule mwingine nilikuwa nimeushika.

Sospeter alifungwa baada yangu. Generoza alizungusha kitufe, akahamisha vibandiko, akazungusha tena. Mkono wake haukutikisika. Alijaribiwa siku nyingi zilizofuata, na haukutikisika. "Mama Kulwa," akaniambia, "mkono wako una adabu, unaitikia wakubwa. Wangu una kiburi." Lazima niseme hivi wazi ili mtu asidanganyike. Kamashine hako hakamsaidii kila mtu, na hakuna sala wala juhudi inayopanga nani asaidiwe. Sospeter aliruhusiwa kurudi kwao kabla ya mimi. Baadaye nilisikia amefariki kwa kidonda cha kulalia. Ukisoma tena maneno yangu ya mwanzo, nilikuwa namuwaza yeye.

Tangu hapo siku zangu zilikuwa za kamashine. Asubuhi mkono wa kulia, jioni wa kushoto. Generoza alikuwa na sheria moja: "Kakivuta, na wewe vuta. Usikaachie kazi peke yake."

"Sina cha kuvutia," nilimwambia.

"Vuta kwa mawazo. Waza umeshika kitu."

Mayu alikuwa anachambua kunde pembeni. "Kumbe ndivyo," akasema. "Ni ng'ombe mchanga na ng'ombe mzee."

Generoza akauliza ana maana gani, maana kwao Bukoba watu hulima migomba kwa jembe la mkono. Mayu akamweleza. Ng'ombe mchanga asiyejua plau anafungwa nira moja na mzee anayeijua. Siku za kwanza anaburutwa tu, mzee ndiye anayelima. Ukimwachia aburutwe kila siku atazoea kuburutwa. Lakini ukimwita jina lake na kumhimiza, iko siku unatazama unaona nira imekaa sawa, haijainama upande, nawe unajua kwamba wanavuta wote.

"Basi wewe ndiye utakayemwita jina," Generoza akasema.

Hivyo Mayu akawa ananiita. Kila vidole vilipoanza kukunjwa alisema, "Kabula," kwa sauti ya shambani, siyo ya hospitali. Hakuwahi kuniita hivyo tangu niolewe. Nilivuta na sikuona kitu. Nilivuta mpaka jasho likanitoka usoni, sehemu pekee iliyokuwa inatoka jasho. Kuna asubuhi nilimwambia simtaki yeye, simtaki Generoza, wanipeleke Ipililo nikafe kwa mama yangu. Mayu alikunja mkeka, akaenda kukaa kwenye banda. Jioni akarudi na uji, akaniuliza kama nimekasirika kwa mkono wa kulia au wa kushoto, ili ajue wa kuusema.

Nyumbani pamba ilikuwa inatoa maua. Tuliletewa habari hiyo na mtu aliyekuja kutibiwa. Maua yakawa vitumba, vitumba vikaanza kupasuka.

Asubuhi moja tulikuwa benchini kama kawaida. Mayu akaita, vidole vikafunga. Akaita tena, vikafunga. Generoza alikuwa anamnyoosha mtoto mguu upande wa pili. Aligeuka, akatazama kamashine, akasimama akakatazama tena. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa imezimika. Akakachukua, akakagonga. Betri zilikuwa zimekufa, na hakuna aliyejua tangu saa ngapi.

"Mwite tena," akamwambia Mayu.

"Kabula."

Vidole vyangu vitatu vikaja. Siyo ngumi, wala siyo nguvu ya kuvunja kijiti. Lakini vilikuja.

Mayu akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyetoka safari. "Nira imekaa sawa," akasema.

Generoza alinipa vipande vya mbao vya kushika na maharage ya kuokota. Nilivichukia, havikuwa na maana. Mayu aliniangalia siku kadhaa, kisha akaleta ule mto wake mkubwa aliotoka nao nyumbani, akaufumua mshono. Ndani kulikuwa na pamba yenye mbegu, chafu, ina mchanga na vipande vya majani.

"Ni ile ya korongoni," akaniambia. "Ile iliyomwagika. Waliiokota wakasema haiuziki. Nikashindwa kuitupa."

Pamba yetu ilikuwa ikichambuliwa nyumbani kabla ya kuuzwa. Nyeupe isiyo na taka inaitwa safi, yenye madoa na taka inaitwa fifi, na kila moja ina bei yake. Ni kazi ya kukaa mkekani. Haitaki miguu, inataka macho na ncha za vidole. Maduhu alikuwa na sifa kwayo. Karani wa ghala alikuwa akilifungua gunia lake na kulifunga bila kuingiza mkono kukagua.

Nikaanza kuichambua pamba ya mume wangu. Asubuhi nzima nilitoa kiasi cha kujaza kiganja. Vipande vya maganda makavu vilinichoma nisijue, mpaka Mayu alipoona doa jekundu kwenye lundo jeupe. "Haya, umeshanigeuzia safi kuwa fifi," akasema, akanifunga kitambaa. Nilipofika mwisho wa mto ule nilikuwa nimejifunza kushika kijiko. Safi iliyotoka humo ilikuwa ndogo. Mayu aliifunga kwenye kanga yake, na sikumuuliza anaipeleka wapi. Nadhani ilirudi kwenye mto.

Tulirudi Bariadi wakati wa kuvuna. Nilifika nikiwa kwenye kiti cha magurudumu cha hospitali, na Kulwa na Doto walijificha nyuma ya shangazi yao kwa sababu hawakukijua. Miguu yangu haikurudi, na mpaka leo sitembei. Mkono wa kushoto unashikilia tu, kama kigingi. Lakini nilikaa mkekani, lundo mbele yangu, nikachambua pamba ya mwaka ule pamoja na wanawake wa mji. Nilikuwa wa mwisho kwa mwendo, na hawakunikejeli zaidi ya walivyokejeliana wenyewe.

Ule ndio msimu wa kwanza wanunuzi binafsi walipofika kwetu. Magari yao yalikuja ya rangi mbalimbali, kila mmoja na mzani wake chini ya turubai. Wifi yangu alienda na gunia la safi na gunia la fifi. Akarudi jioni, akatupa magunia matupu mkekani.

"Wamesemaje?" Mayu akamuuliza.

"Wamemwaga yote pamoja. Wanasema bei ni moja. Wanasema siku hizi tusijisumbue kuchambua."

Jilala alikuwa amefika mchana ule kwa ahadi yake, amekaa kwenye kigoda chini ya upenu. Alisikia kila neno. Aliinamisha kichwa, na niliona kwamba hakufurahi. "Mayu," akasema taratibu, "nimemuona anakula mwenyewe, na nimeshukuru. Lakini ulisema kazi. Kazi yenyewe haipo tena."

Mayu alivuta kigoda chake, akakaa. "Kwa hao wenye magari haipo," akasema. "Hapa inachambuliwa. Mwanangu hakuwahi kupeleka mzani pamba chafu, nami sitaanza leo."

"Hiyo ni heshima, Mayu. Siyo kazi."

Chakula kikaletwa, ugali na mlenda na nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa ajili ya Jilala. Kwetu mgeni ananawishwa na mama wa mji, au na mke wa nyumba aliyofikia mgeni. Mayu akanyanyuka, akaenda kwenye jagi la maji ya kunawa. Akalishika, akasimama nalo. Kisha akaja akaliweka mapajani kwangu, akarudi kukaa kwenye kigoda chake, akatazama ng'ombe waliokuwa wanaingia zizini.

Hatukuwa tumepanga. Hata kulijaribu jagi sikuwahi. Nilipitisha vidole kwenye mpini, nikausukuma mkono wa kushoto chini ya kitako cha jagi. Nikasikia, kama kutoka chumba cha pili, mtu ananiita jina langu kwa sauti ya shambani, ingawa Mayu alikuwa amefumba mdomo. Nikavuta. Doto akanisukuma kwa kiti mpaka kwa mjomba wake, Kulwa akashika beseni.

Jilala hakunyoosha mikono mara moja. Mtu akinawishwa na wewe, amekubali kwamba yeye ndiye mgeni na wewe ndiye mwenyeji. Alilijua hilo, nami nililijua. Jagi likaanza kutetemeka.

"Kaka, litaanguka," nikasema.

Akanyoosha mikono. Nikamimina. Nusu ya maji yaliingia kwenye beseni na nusu kwenye viatu vyake. Akanawa, akajifuta kwenye suruali.

"Maji ya hapa baridi," akasema.

"Ni ya kisima chetu."

"Wabeja, dada," akasema, yaani asante. Akala, akalala, asubuhi akaenda zake peke yake. Hakulitaja tena jambo lile mpaka leo.

Generoza alihamishwa, na kamashine kale sijui kako wapi. Nilirudi hospitali mara chache nikakakuta, halafu nikakuta wataalamu wengine, kenyewe hakapo. Napenda kufikiri kwamba kuna mkono mwingine mahali kanauburuta. Mimi mpaka leo kila msimu nachambua pamba yetu kabla haijapelekwa, ingawa inaenda kumwagwa pamoja na ya wote.

Mayu alitutoka wakati wa palizi, baada ya miaka mingi, bila kuugua sana. Wiki zake za mwisho nilimlisha uji, naye akanisimulia habari za ng'ombe. Tulimzika kando ya Maduhu. Kaburini nilifumba mkono wenye udongo, nikaufungua mwenyewe. Kisha nikarudishwa nyumbani kabla ya watu, nikakaa mlangoni na ndoo na jagi, maana wanaotoka kuzika lazima wanawe kabla ya kuingia. Walikuwa wengi. Wanangu, wanaume sasa, walikuja mmoja baada ya mwingine wakasema, "Mama, umechoka, lete tukusaidie." Niliwaambia wajaze jagi tu.

Siku ya Maduhu sijui ni nani aliyewanawisha watu. Sikuwahi kuuliza. Siku ya Mayu niliwanawisha mimi, mpaka wa mwisho.